Herufi Ni za Ukuta

Jina la Fundi Maundu kwenye msalaba wake lilikuwa limechapishwa kwa mashine kwenye plastiki nyembamba, likabandikwa juu ya ubao, na hata kabla jeneza halijashushwa ile M ya kwanza ilikuwa imeanza kubanduka kwa jua la Kajiado. Nilisimama nyuma ya watu, mahali ninaposimama siku zote, nikaitazama hiyo M huku nikitamani mtu aende akatafute nyundo na misumari midogo. Mtu aliyekata herufi za mbao maisha yake yote, akazipiga msasa mpaka ukipitisha kidole husikii mahali msumeno ulipopita, alikuwa anazikwa chini ya stika. Mchungaji alikuwa anasoma. Mimi nilikuwa nimeshaanza, sikuweza kujizuia: Maundu, mundu, unda.

"Bado unafanya hiyo kitu," mtu akaniambia sikioni. "Midomo inacheza."

Sikuhitaji kugeuka. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu tukiwa wasichana wa kidato cha tatu pale Kitengela, lakini ilikuwa ile ile, kavu kidogo, kama ya mtu anayetaka kucheka lakini ana chai mdomoni. Nashipai. Alikuwa amenenepa vizuri, amejifunga leso nyeusi juu ya shanga zake, na alikuwa ametoka Kimana alfajiri ile kuja kumzika fundi wetu. Tulishikana mikono tukaachana haraka, kwa sababu maombi yalikuwa hayajaisha, na mimi nikabaki nimesimama karibu naye bila kuona kaburi wala mchungaji. Nilikuwa nimerudi mwaka wa tisini na tisa.

Sababu za mimi kuletwa kwa anti Ndinda mwaka huo siziandiki hapa. Kila mtu ana zake, na hazitofautiani sana. Anti alikuwa amepanga chumba kimoja nyuma ya karakana ya Fundi Maundu, na ndani ya chumba hicho pazia la maua liligawa kitanda chake na godoro langu. Unga wa mbao ulipita chini ya mlango. Tuliula kwenye ugali, tuliukuta kwenye masikio, na shati langu la shule lilinuka tapentaini hata nikilifua mara mbili. Nilikuwa msichana asiyesema. Mwalimu akiniuliza swali, jibu lilikuwa linanikaa kooni mpaka kengele inalia, na jioni ndipo ninaliandika kwenye shajara yangu, jibu kamili, pamoja na utani ambao ningeutia kama ningekuwa mtu mwingine. Na kwa vile maneno hayakuwa yanatoka, yalianza kuvunjikavunjika humo ndani. Nilikuwa nikiona neno, siliachi likae. Mlangoni kwa kila duka paliandikwa KARIBU, na mimi nikipita nilikuwa nasoma kaburi. Zahanati ya Tumaini sikuipenda kabisa, maana nikiitazama muda mrefu yalitoka mauti, na anti alikuwa ananipeleka pale kwa ajili ya kifua. Kanisani nilikuwa navunja majina ya wazee wa kanisa badala ya kusali. Jina langu mwenyewe, Kanini, lilinipa nani na nini, ambayo ndiyo maswali watu waliyokuwa wakiniuliza na mimi sijibu. Sikuwa na raha. Mguu wangu ulikuwa unacheza chini ya dawati mpaka msichana wa mbele akawa anageuka kuniangalia.

Fundi Maundu alinigundua kwa bahati. Alikuwa amepewa kazi ya safu ya maduka ya Mzee Lekishon, yale yaliyokuwa yanaangalia barabara ya Namanga, na Mzee Lekishon alikuwa na sheria yake ambayo sijaiona mahali pengine popote. Alipojenga ile safu alimwambia fundi apigilie majina ya wapangaji wa kwanza ukutani kwa herufi nzuri za mbao, kwa gharama yake. Mpangaji mmoja alipohama alizing'oa akaenda nazo, na kile chumba kikakaa kitupu mwaka mzima. Kuanzia hapo mzee akasema herufi ni za ukuta. Ukiondoka unaziacha, na anayekuja baada yako anatafuta jina lake katika zile zile alizozikuta, na mpaka jina lipatikane hakuna mtu anayeingia. Watu walicheka, halafu wakazoea, maana Kitengela ya wakati huo maduka yalikuwa yanafunguliwa na kufungwa kama milango ya choo. Fundi ndiye aliyeachiwa mzigo wa kutafuta majina, na yeye alikuwa mtu wa msumeno, si mtu wa maneno. Siku niliyomkuta amekaa juu ya ndoo amezungukwa na IMARA, jina la duka la vifaa vya ujenzi lililofungwa, dada mmoja wa saluni amesimama mlangoni amechoka kungoja, nilipita na maji yangu nikasema "Maria" bila kusimama. Halafu yule dada akacheka, akasema hilo ni jina la mamake.

Tangu hapo nikawa na kazi. Fundi alikuwa ananiita mwiitu, binti, kwa Kikamba, na alikuwa hanilazimishi kuzungumza. Alikuwa analalamika peke yake, hasa juu ya A. "Hii lugha inakula A kama ng'ombe inakula chumvi," alikuwa anasema, huku akichora nyingine kwenye plaiwudi kwa kazi za nje ya safu. Siku ya muuza nyama aliyerithi ukuta wa SAFARI nilimwandikia jibu kwenye kipande cha ubao kwa kuona haya, fundi akalisoma, akanirudishia. "Farasi. Na hiyo nyama nani atanunua, mwiitu?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikuwa nimecheka mbele ya mtu mzima tangu nifike.

Mlango wa mwisho wa safu ulikuwa KIMANA HOTEL, kwa herufi za kijani, na ndio mlango niliokuwa nikiufikiria tangu kipindi cha kwanza shuleni. Mama Nashipai alikuwa ametoka kwao Kimana na magunia ya vitunguu na nyanya, akakodi chumba, akaweka meza chache na jiko la makaa nyuma. Harufu ya vitunguu ilikuwa imeingia hata kwenye viti. Alipika maharagwe yenye nyanya nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mjini, na chai yake ilikuwa na maziwa kwelikweli. Nashipai, binti yake wa pekee, alikuwa darasa moja nami. Yeye alisema kwa niaba yetu wote wawili. Tukitoka shule tulikuwa tunakaa juu ya magunia nyuma ya hoteli na karai la herufi zilizokosa kazi, ambalo fundi alituazima, na mchezo ulikuwa huu: mmoja anataja mahali, mwingine anatoa maneno, na aliyeshindwa anaosha sufuria ya maharagwe. Kutoka Kitengela tulitoa tenga, tega, tangi na kinga. Kutoka Kajiado tulitoa jiko, kodi, dai na doa, na mamake aliposikia kodi akasema kutoka huko jikoni, "Hiyo iko tu, hata msipoitoa." Siku moja nilimtolea jina lake. Nilifurahi kumwonyesha kwamba ndani ya Nashipai kuna hapa. Aliangalia herufi zilizobaki, akasukuma mbili mbele kwa kidole chenye unga, ikawa si hapa. Akasema, "Sasa nani ataosha?" Niliosha mimi. Sikufikiri zaidi ya hapo. Nilikuwa nimeshika sufuria na mikono yangu ilikuwa na furaha.

Ilikuwa baada ya likizo ya Aprili ndipo fundi alipotuchukua sisi wawili kwenda naye Kajiado, Jumamosi, kung'oa herufi za duka la vitabu lililokufa. Kazi ilikuwa ndogo. Tulipomaliza tukapita kwa Mzee Lekishon, nyuma ya mji, kwenye nyumba ya mabati yenye sebule ya giza na vitambaa vyeupe juu ya kila kiti. Salamu zilikuwa ndefu. Wasichana wa boma walimchukua Nashipai nje kuona ndama, wakiongea Kimaa kwa kasi, na mimi nikabaki ndani na sahani ya nyama magotini kwa sababu hakuna aliyeniambia niende nao. Mtu asiyesema husahaulika upesi. Wazee wawili walizungumza juu ya kichwa changu kana kwamba nilikuwa kitambaa kingine. Mzee Lekishon alisema shemeji yake anastaafu kule Magadi, kwenye kazi ya magadi, na nyumba ya kampuni inatakiwa irudishwe. Ameishi kwenye joto lile tangu akiwa kijana, sasa anataka hoteli ndogo aketi na mkewe. Anataka ile chumba ya mama wa Kimana.

Fundi akauliza huyo mama ataenda wapi.

"Kwao kuko shamba. Nimemwahidi shemeji nitamwambia huyo mama. Wewe nitafutie jina, wewe na huyu msichana wako. Bila jina hakuna mtu anaingia, unanijua."

Nyama ilikuwa mdomoni. Kabla sijaimeza nilikuwa nimeshaliona. Unaiondoa K tu, na zile zilizobaki unazipanga, inakuwa Amani. Mtoto wa chekechea angeliona. Nilitafuna kile kipande mpaka kikawa uzi, na nilijua, kwa uhakika ambao sijawahi kuwa nao tena juu ya jambo lolote, kwamba nisipofungua mdomo Nashipai hataondoka.

Wiki iliyofuata Mama Nashipai aliambiwa, na hoteli nzima ikajua. Fundi akaniuliza kama nimeona kitu kwenye hiyo Kimana. Nikasema hapana. Akaniambia niangalie tena. Nikasema haitoi kitu. Akageuka akaendelea kunoa msumeno, akasema, "Kama wewe hujaona, basi haiko," na akapeleka jibu hilo kwa Mzee Lekishon. Kwa mara ya kwanza maishani ukimya wangu ulikuwa na kazi. Lakini ulinichosha kuliko kusema. Sikuweza kukaa kwenye kiti kimoja. Niliamka na Amani, nikala na Amani, mchungaji alipotutakia amani ya Bwana niliangalia chini kama mtu aliyeitwa jina. Nilikuwa naogopa kwamba mtu mwingine yeyote, mteja, mtoto, konda anayekunywa chai, atainua macho ukutani na kulisoma.

Na kulikuwa na yule mzee mwenyewe. Tulimwita Mzee wa Magadi. Nilikuwa nimemtayarishia chuki, naye akaja na kofia mkononi, ngozi imekauka kwa joto la huko, akaagiza chai kwa Mama Nashipai na kuisifu. Alikuwa anakuja kila Jumamosi. Yeye na mkewe walikuwa wamewekwa kwenye stoo ya mtu, na magodoro yao yalikuwa yamesimamishwa ukutani yakiwa bado yamefungwa kamba. Aliuliza kwa upole kama jina limepatikana. Kama ingewezekana, alisema, angependa Magadi Hotel, na fundi akamhesabia kwa vidole kwamba M iko, A ziko, I iko, lakini G na D ukuta huo hauna. "Basi tutangoja," akasema, na akanigeukia mimi. "Wanasema wewe ndio uko na macho. Usijali, mama. Itakuja." Hakuna aliyewahi kunivumilia namna ile, na ilikuwa ni mtu niliyekuwa namfungia mlango.

Muhula ulikuwa unakaribia kuisha Mzee Lekishon alipokuja mwenyewe. Aliagiza herufi zishushwe ziwekwe mezani kila mtu ajaribu, HOTEL ibaki juu. Fundi alipanda ngazi akazitoa moja moja, akazipanga juu ya meza iliyokuwa bado ina unga wa chapati: K, I, M, A, N, A. Ukutani zikabaki alama zake, rangi safi mahali jua halikufika, kwa hiyo neno bado lilisomeka. Watu walisimama kuzunguka. Mmoja akapanga Makina, akaambiwa hiyo ni mtaa wa Nairobi na kule si kwao. Anti Ndinda, aliyekuwa amekuja kununua maharagwe tu, akapanga kitu kisichosomeka na kusema ni Kikamba, watu wakamcheka. Mzee Lekishon akaniita. Nilisogea, nikaweka mikono nyuma, nikaangalia zile herufi sita. Zilikuwa zinapiga kelele. Nikasema, "Sioni."

Nashipai alikuwa jikoni. Alitoka na mikono yenye unga mpaka kwenye viwiko, akapita katikati ya watu bila haraka, akaiweka K pembeni kwa kidole kimoja. Halafu akazipanga tano zilizobaki, taratibu, kama mtu anayepanga vikombe. Hakuna aliyemsaidia.

"Hiyo hapo," akasema.

Mzee Lekishon akasoma kwa sauti, silabi moja baada ya nyingine. Mzee wa Magadi akavua kofia aliyokuwa ameivaa muda huo huo, akakaa. Mama Nashipai alikuwa amesimama mlangoni na mwiko, na uso wake sikuuelewa. Nashipai aliinua macho akaniangalia mimi, mimi tu, na katika macho hayo hapakuwa na hasira wala msamaha, ila alikuwa ananiona. Nilitoka. Nilitembea mpaka nyuma ya machinjio nikakaa juu ya jiwe, mguu ukicheza.

Waliondoka shule zilipofungwa. Hatukuzungumza juu ya meza ile. Aliniaga mbele ya watu, kwa mkono, na lori la vitunguu likawabeba na viti vyao. Kabla hawajaondoka fundi alikuwa amepigilia jina jipya na kuitupa ile K kwenye karai la herufi zilizokosa kazi. Niliona kwa macho yangu. Nilitaka kumwomba. Kila siku nilitoka shule nimeshaipanga sentensi, fundi naomba ile K, na kila siku nilipita mlangoni kwake nayo kooni. Siku nilipopata ujasiri wa kwenda kuichukua tu bila kuomba, nilikuta K nyingine za rangi nyingine, ile ya kijani haikuwepo. Nililimwaga karai lote chini. Miaka yote hii nimeendelea kuitafuta, si kwa mikono, lakini nikiona ubao wa kijani barabarani macho yanaenda yenyewe.

Baada ya mazishi tulipewa wali na nyama kwenye sahani za plastiki, tukakaa kwenye kivuli cha hema, mimi na Nashipai, kwenye viti vilivyokuwa vinazama kwenye mchanga. Aliniambia mamake bado ana nguvu, analima. Aliniambia alimalizia shule Loitokitok. Nilimjibu kwa maneno machache kama kawaida yangu. Halafu akasema, bila kuniangalia, akitoa mfupa kwenye wali:

"Wewe ulikuwa unajua."

"Tangu Kajiado," nikasema. "Tangu ile nyama."

"Fundi pia. Siku nimeenda kumuaga aliniambia aliiona hata kabla yako. Akasema, 'Nilikuwa nangoja mmoja wenu achoke.'"

Nilitazama upande wa kaburi. Vijana walikuwa wanapiga udongo kwa migongo ya koleo.

"Yeyo alikuwa analia hapo jikoni," akaendelea, akimwita mamake kwa Kimaa. "Mimi nilikuwa nafikiri analilia hoteli. Nikajikaza, nakanda unga, nasema wacha nikae kwa ajili yake. Asubuhi ya ile siku ya meza nikamsikia anaongea na dadake: ile maji ilikauka imerudi kwa mfereji, shamba inalimwa na watu wengine, lakini mtoto anapenda shule ya hapa, atafanya nini. Kumbe ni mimi nilikuwa nimemfunga hapo, na yeye amenifunga." Akacheka kile kicheko chake. "Sisi wawili tulikuwa tunataka kwenda. Wewe peke yako ndio ulikuwa unataka tukae."

"Nilikuwa nataka," nikasema.

Lilikuwa neno dogo, na nilikuwa nimechelewa nalo sana, lakini lilitoka mdomoni likiwa zima, na halikuvunjika. Nashipai akaweka sahani chini. Akanishika mkono juu ya goti, akaushikilia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mguu wangu ulikuwa umetulia.

"Ile K iko na mimi," akasema baadaye. "Fundi alinipa siku hiyo hiyo ya kumuaga. Nilitaka kukuletea, nikakuogopa, vile ulikuwa umekasirika."

"Sikukasirika. Iko wapi?"

"Kwa mlango ya banda ya kuku. Ndio komeo. Imeshika vizuri sana, hiyo mbao ya Maundu." Akaniona ninavyomwangalia. "Na usiniombe. Ukiichukua, kuku zangu zitatoroka."

Nilicheka mpaka wanawake wa mbele wakageuka. Nilimwambia nitakuja kuiona. Akasema nije, lakini nijue nitaosha sufuria. Halafu nikamshikisha sahani yangu, nikainuka, nikapita katikati ya viti mpaka mbele, mahali nisipofika kamwe, nikamwuliza mjane wa fundi, kwa sauti, kama karakana ina nyundo na misumari midogo.